Kecak ya Bali: ngoma ya asili, au imetungwa kwa ajili ya watalii?

Dada mmoja aliyeko Muscat ameniandikia, nafupisha: "Mwezi wa saba naenda Bali na mume wangu na watoto wawili, siku kumi. Kila mtu ananiambia tusikose Kecak ya pale Uluwatu. Lakini nimesoma kwamba ile ngoma ilitungwa na Mzungu ili watalii wapate cha kutazama. Ni kweli? Kama ni ya kutengenezwa si bora nitafute ngoma ya kweli huko vijijini? Halafu sisi ni Waislamu na naambiwa inachezwa hekaluni, itakuwaje?"

Dada yangu, nakujibu kwanza halafu ndo nieleze, maana najua kuna tiketi za kukata: nendeni mkaione. Na huyo aliyekuambia habari ya Mzungu hajakudanganya sana, ila amekupa nusu ya habari na nusu aliyoiacha ndo yenye utamu. Mimi nilikaa Bali mwaka mzima kwa ule ufadhili wa serikali ya Indonesia unaoitwa Darmasiswa, nilienda kusoma mambo ya ngoma, na hilo swali lako ndilo nililoshuka nalo kwenye ndege, asili ni ipi na ya biashara ni ipi, nilidhani nitapata jibu wiki ya kwanza.

Nianze na chenyewe unachokwenda kuona. Inasomwa "kechak". Wanaume hamsini, sabini, pengine mia na zaidi, vifua wazi, kiunoni saruni ya miraba myeusi na myeupe wanayoiita poleng, ua jekundu sikioni, wanakaa chini kwa duara ndani ya duara kuzunguka taa ya mafuta yenye ndimi nyingi za moto. Hakuna ngoma ya kupigwa hata moja. Hakuna zumari, hakuna gongo, kila unachosikia kinatoka midomoni mwao. Na usidhani wote wanasema "chak" kwa pamoja, sikio linakudanganya hapo. Wamegawanywa makundi, kuna kundi la mapigo matano, kuna la mapigo sita na mengine, kila moja lina mahali pake pa kuingia na pa kunyamaza, huyu akiacha pengo yule analijaza, ukijumlisha ndo inatoka ile sauti kama mvua ya mawe juu ya mabati. Katikati yao kuna mmoja kazi yake ni kushika pigo tu, "pung, pung, pung", kuna mwingine anaigiza gongo kubwa kwa koo lake, kuna anayeimba wimbo mrefu juu ya wote, na kuna kiongozi anayetoa amri kwa ukali, juru tarek wanamwita, huyo ni kama manju kwetu, akipaza sauti duara zima linageuka. Kiongozi mmoja wa kijiji alinikalisha mazoezini kwenye kundi la mapigo matano na kuniambia usisikilize wenzako wa kundi lako, wasikilize wale wa kundi la pili, ukiwasikia hao utajua pengo lako liko wapi. Hiyo ni elimu kubwa sana na iko ndani ya kitu ambacho watu wanakiita "shoo ya watalii".

Sasa historia. Zamani kabisa hii sauti ya chak haikuwa ngoma ya peke yake, ilikuwa ni kiitikio ndani ya tambiko linaloitwa Sanghyang. Kijiji kikipata maradhi au mkosi, wanawachukua wasichana wadogo ambao hawajavunja ungo, wanawafukizia moshi, wanawake wanaimba nyimbo za kuita, wanaume wanaitikia kwa chak, na wale watoto wanapandisha, wanacheza macho yamefumba, wenyewe wanaamini aliyeingia ni malaika wa kike, dedari. Hapo hakuna hadithi wala tiketi. Ni dawa ya kijiji. Ukiwa mtu wa pwani neno kupandisha halihitaji tafsiri, umeshaelewa uzito wake.

Halafu inakuja miaka ya 1920 na 1930. Bali iko chini ya Waholanzi, kampuni yao ya meli KPM inaleta watalii, mwaka 1928 inafungua hoteli kubwa ya kwanza pale Denpasar. Kwenye mji wa Ubud anaishi mchoraji na mpiga piano Mjerumani anaitwa Walter Spies. Kijiji cha Bedulu, si mbali na Ubud, kuna mchezaji hodari I Wayan Limbak, na huyu Limbak alichukua miondoko ya Baris, ile ngoma ya wapiganaji, akaiingiza kwenye nafasi ya kiongozi wa chak. Spies akaipenda mno, akashauri sauti ile itolewe kwenye tambiko ipewe kisa cha Ramayana, ile hadithi kuu ya kale ya Wahindu, ili mgeni apate cha kufuatilia, tena ikae muda mfupi unaovumilika. Wakati huohuo kuna filamu ya Kijerumani ilipigwa Bali na Spies aliisaidia, ikatoka 1933. Na watu wa kijiji cha Bona nao wanasema sisi ndio tuliotangulia kuichezea Ramayana, na ukifika Bona watakusimulia kwa majina ya wazee wao. Spies mwenyewe hakufika mbali, Januari 1942 alikufa baharini, alikuwa mfungwa kwenye meli ya Kiholanzi iliyopigwa bomu na Wajapani. Limbak aliishi mpaka 2003.

Kwa hiyo ni ya Mzungu? Mimi nasema hapana, na nasema kwa nguvu kwa sababu naona jinsi hii habari inavyowavunjia heshima watu. Sauti ni yao, midundo ni yao, kisa cha Ramayana wanacho tangu mamia ya miaka kwenye vikaragosi vya ngozi na michongo ya mawe, mchezaji alikuwa wao. Mjerumani alileta jicho la mtazamaji, alijua mgeni atakaa wapi na atachoka saa ngapi. Huo ni mchango na tusimnyime, lakini anayepanga viti si ndiye aliyepika.

Ila kuwa kweli ni ya watalii, hiyo ni kweli dada, imezaliwa hivyo na Wabali wenyewe hawafichi. Na hapa ndo kitu kilichonibadilisha mimi mawazo. Mwaka 1971 utalii ulikuwa unapanda kasi, na Wabali wakaona hatari, wageni wanalipa kuona tambiko, na tambiko likilipiwa linakuwa nini? Wakaitisha kikao Denpasar, viongozi wa dini, wasomi, wasanii, wakagawanya ngoma zao mafungu matatu. La kwanza wali, ngoma za ndani kabisa ya hekalu, hizo ni ibada yenyewe. La pili bebali, zinasindikiza ibada. La tatu balih-balihan, za kutazamwa. Mipaka haikukaa safi kama walivyotaka, wao wenyewe walibishana sana maana mtu wa Bali hakuwa na mazoea ya kukata maisha yake kisu hivyo, hili dini hili si dini. Lakini uzio uliwekwa na umewekwa na wao, hawakungoja mtu wa nje awaambie. Hata mwaka 2019 serikali ya mkoa pamoja na taasisi za dini na za mila walitia saini makubaliano mengine ya kukataza ngoma takatifu zisichezwe nje ya ibada.

Kuna mfano naupenda sana wa Pendet. Ilikuwa ngoma ya kuwapokea miungu hekaluni, wanawake wanabeba sadaka na kumwaga maua, ikaanza kutumika kuwapokea wageni mahotelini. Watu wakasema hii haifai, mungu na mgeni wapokewe kwa ngoma moja? Basi mtunzi I Wayan Beratha akatunga nyingine ya kupokea watu tu, Panyembrama, inafanana lakini haina uzito ule. Nzuri mno. Nzuri kiasi kwamba baada ya muda wasichana waliojifunza wakaanza kuicheza hekaluni kama sadaka. Yaani iliyotungwa kwa ajili ya mgeni ikaingia kwa mungu kwa mlango wa mbele! Nilipoambiwa hilo nilinyamaza, maana maswali yangu yote ya asili na si asili yaliishia hapo.

Na ukitaka uthibitisho zaidi kwamba wanajua wanachofanya, mwaka 2015 UNESCO iliandikisha ngoma tisa za Bali kwenye orodha ya urithi, tatu kwa kila fungu, Rejang zimo, Sanghyang Dedari imo, Legong Kraton imo, Barong Ket imo. Kecak haimo. Ngoma ya Bali inayojulikana kuliko zote duniani, ile inayowekwa kwenye kila bango la matangazo, haimo, na Sanghyang iliyoizaa imo.

Kwa hiyo swali nakushauri ulibadilishe. Badala ya kuuliza ni ya kweli au si ya kweli, uliza nani anacheza na hela inakwenda wapi. Bali kila mtu aliyeoa ana banjar yake, ni mtaa lakini ni zaidi ya mtaa, ndo inayozika, inayoozesha, inayotengeneza hekalu, inayokutoza faini usipofika kazini. Vikundi vingi vya Kecak vya Ubud ni vya banjar, kila nyumba inatoa mwanaume, yule mzee wa mstari wa pili ni fundi wa pikipiki, kijana pembeni yake mchana anafanya kazi hotelini, usiku wa zamu yao wanavua shati wanakaa chini. Hela ya tiketi inaingia kwenye mfuko wa banjar, inatengeneza paa la hekalu, inanunua vifaa vya gamelan, yaani ile bendi yao ya gongo na ala za chuma, inalipia sherehe, na sherehe za Bali ni ghali hujawahi kuona. Hapo wewe mtalii unachangia ile ngoma ya ndani bila kuingia ndani. Mimi naona ni mpango wa akili kuliko mingi niliyoiona.

Tofauti na hiyo kuna Kecak za chakula cha usiku kwenye mahoteli. Nilipelekwa moja, sitaitaja hoteli, wachezaji waliletwa na gari la mizigo lililo wazi, wakangojeshwa nyuma ya jiko mpaka wageni wafike kwenye tamu ya mwisho, wakacheza dakika ishirini huku visahani vinagongana, wakapanda gari wakaondoka, na nilipouliza kila mmoja kapata ngapi niliona aibu mimi niliyekuwa nimeshiba. Ile usiende. Sina lugha ya kulainisha.

Haya, Uluwatu au Ubud? Uluwatu mahali penyewe ni pa ajabu, hekalu liko juu ya jabali, bahari iko mita sabini hivi chini, uwanja wa kutazamia unaangalia machweo na ngoma inaanza saa kumi na mbili jioni kila siku, jua linazama wao wanaimba. Hanoman, yule nyani mweupe wa kwenye kisa, anapanda mpaka kwa watazamaji anachezea watu vichwa, watoto wako watacheka mpaka basi. Mwezi wa saba lakini panafurika, watu wanakaa mpaka ngazini, simu zimenyanyuliwa, na unapokaa juu sana sauti inapotea kwenye upepo. Ubud ni padogo, uani mwa hekalu, unakaa mita chache kutoka duara na ile sauti inaingia kifuani, tena mwishoni wanaongeza Sanghyang Jaran, mwanaume aliyepanda farasi wa majani anakimbia peku juu ya moto wa makumbi ya nazi, anayapiga teke yanaruka cheche. Watoto wadogo usiwaweke mstari wa mbele hapo. Mimi nikiambiwa nichague moja nachagua Ubud bila kufikiri, lakini wewe una watoto na una siku kumi, nenda zote mbili, Uluwatu kwa macho, Ubud kwa masikio.

Kisa chenyewe wasimulie watoto kabla, hakuna maelezo ya Kiswahili wala Kiarabu utapewa, mara nyingi ni kikaratasi tu. Rama mwana wa mfalme yuko msituni uhamishoni na mkewe Sita na mdogo wake Laksmana. Jitu Rawana anamtamani Sita, anamtuma mwenzake ajigeuze swala wa dhahabu, Rama anamfukuza swala, Sita anabaki, anaibwa. Ndege mkubwa anajaribu kumwokoa anashindwa. Nyani mweupe anatumwa kumtafuta, anakamatwa, anachomwa moto haungui. Wale wanaume wa kwenye duara ndo kila kitu, mara ni msitu, mara ni jeshi la nyani, mara ni upepo. Ukiwa umewaambia watoto hili mapema watakuwa wanawaonyesha nyie.

Upande wa dini. Mimi si shehe, hukumu utamuuliza anayejua, nitakueleza kinachotokea tu ili ukaulize ukiwa na habari kamili. Uluwatu uwanja wa ngoma uko kwenye eneo la hekalu lakini nje ya ua wa ndani wa kusalia, na ule ua wa ndani wasio Wahindu hawaingii. Kabla ya kuanza kuhani anawanyunyizia maji wachezaji na kusoma dua yao, mtazamaji hanyunyiziwi, haombwi kusujudu wala kushika chochote. Utapewa saruni au mshipi wa kufunga kiunoni kama nguo ni fupi, ukiwa umevaa baibui au nguo ndefu mara nyingi mshipi tu unatosha. Mwanamke aliye kwenye hedhi wanaomba asiingie eneo la hekalu, kibao kimeandikwa mlangoni, usikasirike, ni sharti lao kwa wote. Sasa jambo ambalo hakuna atakayekuambia, magharibi. Mwezi wa saba jua la Bali linazama kama saa kumi na mbili na robo, ngoma imeanza saa kumi na mbili kamili na inakwenda karibu saa nzima, kwa hiyo wakati wa magharibi unakukuta umekaa, na isha inaingia karibu saa moja na nusu. Nyie ni wasafiri, habari ya kujumuisha mnaijua, lakini panga kabla. Ubud ni rahisi zaidi, maonyesho mengi ni saa moja au saa moja na nusu usiku, unaswali magharibi hotelini unatoka taratibu.

Kuhusu hamu yako ya "ngoma ya kweli kijijini". Ipo na huhitaji kuitafuta kwa siri. Kila hekalu Bali lina sikukuu yake, odalan, kwa mahekalu mengi inazunguka kila siku 210 kwa kalenda yao, na mahekalu ni maelfu, kwa hiyo karibu kila siku kuna mahali wanasherehekea, muulize mwenye nyumba ya wageni atakwambia. Ukikaribishwa unaenda kama mtu anavyoenda kwenye maulidi ya watu asiowajua, unavaa kama wao, unakaa pembeni, hupiti mbele ya anayesali, husimami mahali pa juu kuliko kuhani, simu unauliza kwanza. Huenda utaona Rejang, akina mama wa kijiji mistari mirefu, mwendo wa polepole, hakuna atakayekuangalia wewe, ile haichezwi kwa ajili yako. Ukichoka baada ya dakika kumi si kosa, ndo jinsi ilivyo, mtazamaji wake si wewe. Ila usiende kwa kumlipa mtu akuingize. Ukilipa umelivunja lile lile ulilolifuata. Na kama dini inakuzuia kuhudhuria ibada ya wengine, basi liache, hujapungukiwa, maana fungu la tatu limewekwa kwa ajili ya watu kama wewe na limewekwa kwa upendo.

Bahati yako nyingine ni huo mwezi wa saba. Kuna tamasha la Pesta Kesenian Bali, lipo tangu 1979, kila mwaka kuanzia katikati ya mwezi wa sita mpaka katikati ya wa saba hivi, pale Taman Budaya Denpasar. Wilaya zote zinaleta vikundi vyao bora, wanashindana kweli kweli, na wanaojaza viti ni Wabali wenyewe, kina mama na vikapu vya chakula, wanajua nani kakosea. Maonyesho mengi ni bure. Ukiwa na jioni moja tu huru, tazama ratiba uende huko, utaona mtu wa Bali anavyotazama ngoma ya Bali.

Na kwa kuwa umeniandikia kama Mswahili, niongeze moja ingawa hukuuliza na haiko njiani kwako kabisa. Mbali huko Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra, Wagayo wana ngoma inaitwa Saman, UNESCO waliiandikisha 2011 kwenye orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Vijana wa kiume wanapiga magoti mstari mmoja bega kwa bega, hakuna ala, wanapiga makofi, wanapiga vifua, wanainama na kuinuka kwa kupishana kasi ya ajabu, wanaimba mawaidha ya dini kwa Kigayo, na wenyewe wanasimulia kwamba jina limetoka kwa shehe aliyewafundisha, Shehe Saman. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Unguja akaona maulidi ya homu, ile safu ya wanaume wamepiga magoti wanayumba kama wimbi, akiiona Saman nywele zitamsimama. Kijiji kinaalika kijiji kingine, wanachezeana mchana na usiku, mgeni analala nyumbani kwa mwenyeji na undugu unabaki. Siku ukirudi Indonesia bila watoto, hiyo ndo safari ningekupangia.

Kwa sasa yaliyobaki ni madogo. Tiketi ya Uluwatu mara ya mwisho kuikata ilikuwa rupia laki moja na nusu kwa mtu mzima, kiingilio cha hekalu kando, bei zinapanda kwa hiyo angalia kabla. Fikeni saa kumi na nusu au saa kumi na moja, kaeni katikati, si juu kabisa. Miwani, hereni, kofia na simu za watoto ziwekeni kwenye begi lenye zipu mkiwa nje ya uwanja, nyani wa pale wananyakua na hawarudishi mpaka wapewe tunda. Na dereva mwambieni awasubiri mpaka ngoma iishe, mkubaliane bei ya kwenda na kurudi kabisa, kwa sababu saa moja usiku ile barabara ya kuteremka ina msururu wa magari na gari la kukodi pale juu halipatikani.